Kesi ya Kijidudu

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka kwenye hadubini naomba kwanza nikiri kosa.

Miaka mitatu iliyopita niliandika hadithi fupi ya kuchekesha. Niliiita "Mzee Nazi Tatu". Mhusika wake alikuwa mkwezi wa minazi wa huko pwani ya Pangani, mwenye busha kubwa kiasi kwamba akipita sokoni watoto humuuliza zile nazi mbili anauza bei gani, na ile ya tatu kamwekea nani. Mwisho wa hadithi mzee anapanda mnazi, busha linamvuta chini, anaanguka, kijiji kizima kinacheka. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi.

Niliwasomea washikaji barazani kwetu Makorora, Jumamosi moja usiku, umeme umekatika, tumewasha chemli. Walicheka mpaka mmoja akagaragara kwenye mkeka. Nikajiona nimeshaukwaa uandishi. Si mnajua, Machui alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 si mbali na kwetu, na kijana yeyote wa Tanga anayeshika kalamu, hata kama cheti chake cha kidato cha nne ni cha kufichwa sandukuni kama changu, hujiambia kimoyomoyo kwamba huenda kile kiti bado hakijapata mtu.

Nilichosahau ni kwamba chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi kwa joto, alikuwa amelala mjomba wangu. Mjomba ni mkwezi wa minazi. Anatoka ng'ambo ya mto, pwani ya Pangani. Na ana busha.

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshaondoka na gari la kwanza, hata chai hakunywa. Mlangoni aliacha madafu sita, yamechongwa tayari. Mama akauliza, "Mbona kaka kaondoka kama aliyefukuzwa?" Nikamjibu sijui.

Tangu siku ile nina swali ambalo halinitoki. Mtu akiugua, kosa ni la nani? Na kama hakuna mwenye kosa, ile aibu inatoka wapi? Nilidhani ni swali jepesi, nitalimaliza kwa kurasa mbili halafu nirudi kwenye riwaya yangu. Kumbe ni la kunipeleka mbali.

Kwanza nilianzia barazani, maana ndiko kulikoanzia msiba. Niliwauliza wenzangu, bila kumtaja mjomba, busha linatokana na nini. Nilipata majibu matatu. La kwanza ni madafu: mwanamume akinywa madafu sana maji yanateremka kule chini yanakaa. (Aliyelisema hili alikuwa na dafu mkononi.) La pili ni tego: katembea na mke wa mtu, mwenye mke akamtengenezea. La tatu ni ukoo, kwamba wao wana mshipa tangu babu yao. Nikayatazama majibu hayo matatu kama mtu anayetazama kete za bao, nikaona kitu. Yote yanasema kosa ni la mgonjwa. Kama si koo lake ni tamaa yake, na kama si tamaa yake ni damu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno ambalo lingetuingiza sisi tuliokaa pale.

Nikaenda maktaba. Baiolojia niliisoma mpaka kidato cha nne, lakini kwa ule mtindo wa kukariri. Mwalimu wetu alichora mstari katikati ya ubao, huku vijidudu wabaya, huku vijidudu wazuri, kama picha la Kihindi lenye steringi na adui. Kipindupindu na kifua kikuu vilikaa upande wa adui. Upande wa steringi alikaa hamira peke yake, mpweke. Mtihani ukaja, nikaandika hivyo hivyo, nikapata alama zangu za kusikitisha.

Safari hii nilisoma kama mtu mwenye kesi. Nikakutana na Mholanzi mmoja, Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft. Chuo kikuu hakukanyaga, Kilatini cha wasomi wa wakati ule hakukijua. Alisaga vioo vyake mwenyewe, akavitazamia maji ya ziwa, na baadaye ute wa meno yake, na katika miaka ya 1670 akawaandikia wakubwa wa sayansi kule London kwamba ameona viumbe hai vidogo mno vikiogelea. Nilimpenda sana huyu bwana. Muuza khanga tu, tena anajifundisha mwenyewe! Lakini jambo lililonikaa ni hili: alipoviona mara ya kwanza hakujua kama vina ubaya wowote. Aliviona vinacheza. Miaka karibu 200 ikapita kabla wanasayansi hawajaanza kuvifungulia mashtaka kwa ushahidi.

Mashtaka ya busha yalifunguliwa Uchina. Mwaka 1877, katika mji wa bandari wa Amoy, daktari Mskoti aitwaye Patrick Manson alikuwa na mtunza bustani jina lake Hin Lo, ambaye damuni mwake mlikuwa na vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Manson alimlaza Hin Lo katika kijumba, akaacha mbu waingie wamnyonye usiku kucha, asubuhi akawakusanya mbu walioshiba, akawapasua. Ndani yao aliwakuta wale vijinyoo wakibadilika na kukua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuthibitisha kwamba mdudu anyonyaye damu hulea ugonjwa wa mtu ndani ya mwili wake. Manson akapata sifa mpaka akaitwa baba wa tiba ya nchi za joto. Hin Lo alipata kuumwa na mbu. Nimekiandika kisa hiki katika daftari langu la riwaya, maana naona riwaya kamili imelala katika kile kijumba.

Mnyoo mwenyewe ni huyu. Aliyekomaa ni kama uzi mweupe, jike lina urefu wa sentimita nane hadi kumi, naye hukaa katika mirija ya maji ya mwili, ile isiyo ya damu. Sisi Tanga tuna msemo wetu, Waja leo waondoka leo, tunawatania nao wageni. Mnyoo huyu hakuusikia. Akija anakaa miaka mitano na zaidi, na miaka yote hiyo jike linazaa vijinyoo kwa mamilioni. Mchana vijinyoo hivyo hujificha ndani ya mapafu. Usiku, kuelekea saa sita, hujitokeza katika damu ya karibu na ngozi, saa ile ile ambayo mbu wake anatoka kutafuta chakula. Nani aliwafundisha saa? Sijui niseme nini hapa, ndugu msomaji, isipokuwa nilipoisoma sentensi hiyo nilifunga kitabu kidogo nikatazama nje.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kupima damu ya mtu wa matende na mabusha kwa njia ya zamani ilimlazimu kumfuata usiku. Hebu fikiria kijiji cha pwani yetu, saa nne za usiku, gari linasimama, watu wenye makoti meupe wanashuka na vioo na sindano wakiomba damu. Sisi watu wa pwani tumelelewa na hadithi za mumiani, yule anayenyonya damu za watu akaziuze. Wazee wetu walishawashuku hata wazima moto. Halafu sayansi, kwa sababu zake za haki kabisa, inakuja usiku, kimya kimya, inataka damu. Mimi siwacheki tena waliokimbilia vichakani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonipindua kichwa. Mwaka 2005 jarida la udaktari la Uingereza liitwalo Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kimang'a, kijiji cha wilaya ya Pangani. Naam, Kimang'a hii hii. Watafiti wa Tanga, wa Liverpool na wa Ujerumani waliwachukua wanaume 72 wenye minyoo. Wakagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza doksisaiklini kila siku kwa wiki nane, kundi la pili likameza vidonge bandia vya kufanana nayo. Mmezaji hakujua kameza kipi, na mpimaji naye hakujua. Baada ya miezi 14 walitazamwa kwa altrasaundi. Minyoo wakiwa hai huonekana humo wakijinyonganyonga, madaktari wanauita mchezo ule ngoma. Kwa waliomeza dawa, wengi wao ngoma ilikuwa imenyamaza. Kwa wale wa vidonge bandia, karibu wote, ngoma ilikuwa inaendelea.

Mwenye kujua dawa atashtuka. Doksisaiklini si dawa ya minyoo. Ni dawa ya bakteria. Mnyoo anaifanya nini?

Jibu ni kwamba ndani ya mnyoo kuna bakteria aitwaye Wolbachia. Wamarekani wawili, Hertig na Wolbach, walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu. Baadaye ikaonekana anaishi pia ndani ya minyoo hii, anarithishwa kutoka mama hadi mtoto kupitia mayai, na mnyoo bila yeye hazai wala haishi. Ukimuua bakteria, mnyoo anakufa polepole kama mti uliokatwa mzizi. Kwa hiyo mnyoo yumo ndani ya mjomba, na ndani ya mnyoo yumo mwingine. Mjomba ni mwenyeji wa mnyoo, mnyoo ni mwenyeji wa bakteria. Kila nyumba ina mpangaji, na mpangaji ana mpangaji.

Turudi kwenye kesi. Nimpandishe nani kizimbani? Nilianza na mnyoo. Lakini mnyoo akiwa peke yake, mzima, ametulia, mara nyingi hamfanyi mtu avimbe. Wako watu wengi wenye vijinyoo damuni wasio na dalili hata moja. Uvimbe unachangiwa sana na pale minyoo wanapokufa, na wale bakteria wao kumwagika, mwili ukashtuka ukaanza kupigana. Busha halimfai mnyoo kitu. Hana anachopata mjomba akivimba, na akipelekwa hospitali mnyoo ndiye anayekula hasara. Basi nikamgeukia bakteria. Bakteria kazi yake ni kumlisha mwenyeji wake, jambo ambalo kila dini niijuayo inalisifu. Nikabaki na mwili wenyewe, askari wa mjomba waliokuwa wakimlinda mjomba. Kila ninayemshika anajitetea kwamba alikuwa anaishi tu.

Na mimi je? Nilifanya hesabu ile ile juu yangu. Wanasayansi walikadiria mwaka 2016 kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria trilioni 38 hivi, na chembe zake mwenyewe ni trilioni 30. Kama ni kura, mimi nimeshashindwa. Wapo tumboni wanasaga nisichoweza kusaga, wananitengenezea vitamini. Ndani ya chembe zangu kuna viwanda vidogo vya nguvu, na mwanamke mmoja wa Marekani, Lynn Margulis, aliandika mwaka 1967 kwamba viwanda hivyo zamani za kale vilikuwa bakteria huru walioingia wakakaa. Walimcheka. Siku hizi yamo katika vitabu vya shule. Maana yake mimi na yule mnyoo wa mjomba tumejengwa kwa namna moja. Wote wawili tunaishi kwa hisani ya mpangaji.

Mama yangu anauza vitumbua, na naapa hakuna somo la baiolojia lililo bora kuliko jikoni kwake. Jioni anasaga mchele ulioloweka, anatia hamira, anafunika. Zamani bibi alitumia tembo la mnazi. Usiku, sote tumelala, vijidudu vinakula sukari vinatoa hewa, alfajiri unga umepanda mpaka kwenye ukingo. Ada zangu za shule zilitoka humo. Pale Hale, katika shamba la mkonge la kampuni ya Katani, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo unaochukua maganda ya mkonge na maji yake yanayonuka, vitu vilivyokuwa vikitupwa, ukayapa bakteria wasiopenda hewa, nao wakatoa gesi ya kuzalisha umeme. Kile kile kiitwacho kuoza. Kikitokea kwenye sufuria ya mama ni chakula, kikitokea Hale ni umeme, kikitokea kwenye kidonda ni msiba. Mstari wa mwalimu wangu ubaoni ulipita mahali pasipo na mpaka.

Baadhi yenu mtasema, kijana, ukifika hapo umeshamaliza: hakuna mwenye kosa, ni maumbile. Nami nililala na jibu hilo wiki nzima. Lilinipa usingizi mzuri sana, ndiyo maana nikaanza kulishuku.

Maana yako mambo katika mnyororo huu ambayo yanafanywa na watu wenye akili timamu. Mbu mmojawapo anayebeba minyoo hii katika miji na vijiji vyetu vya pwani ni yule wa rangi ya kahawia anayezaliana katika maji machafu, hasa vyoo vya shimo vilivyojaa maji. Kuumwa mara moja hakutoshi kumpa mtu minyoo, inataka kuumwa na kuumwa, miaka na miaka. Kwa hiyo busha ni historia. Ni jumla ya usiku wote ambao mtu alilala bila chandarua, jirani na choo kisichofunikwa. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimimina ndani ya vyoo vya maji vijipira vyeupe vya plastiki nyepesi, vya aina ile inayofungashiwa redio. Vikaelea juu vikaziba uso wa maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Watu wakapewa na dawa. Mbu wakapungua sana, na ugonjwa ukapungua. Kitu cha kufungashia redio! Tangu siku hiyo haiwezekani tena kusema hatukujua. Choo kisichofunikwa kina mwenyewe, na mtaa una uongozi, na sisi tuliokaa barazani tunakunywa kahawa tukiwapiga mbu makofi tunajua lile shimo liko wapi.

Na wenye makoti meupe nao wana sehemu yao. Robert Koch, Mjerumani aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika huku kwetu, mwaka 1905 alifanya kazi Amani, milimani Usambara, na mwaka huo huo alionyesha jinsi papasi wanavyoeneza homa yao. Mtu mkubwa, hakuna ubishi. Kisha mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kupambana na malale. Aliwadunga wagonjwa dawa yenye sumu ya aseniki, iitwayo atoksili. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka, wasione tena. Wagonjwa wale walimjia wenyewe kwa mamia, kwa kuwa walikuwa wanakufa.

Kimang'a si Sese. Kimang'a watu waliombwa ridhaa, kamati za maadili zikapitisha, dawa ilikuwa imeshajulikana miaka mingi. Lakini nawafikiria sana wale wa vidonge bandia. Wiki nane, kila siku, mtu anameza chokaa akitumaini. Bila yeye wasingejua kama dawa inafanya kazi au ni bahati tu, hilo nakubali, ndiyo njia ya kupata ukweli. Mtu aliyekubali kubaki na minyoo yake kwa miezi 14 zaidi ili mimi na wewe tujue, tumwite nani? Tukimwita mfano wa majaribio tunamtukana. Tukimwita shujaa tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa kuwa ridhaa ya mtu aliyeteseka miaka 20 si sawa na ridhaa ya mtu aliyeshiba. Na hata hivyo alisema ndiyo, na ndiyo yake ni yake. Hapo nimekwama. Naomba mwenye jibu aandike katika kurasa hizi.

Dawa yenyewe, kwa taarifa yenu, haikugawiwa kwa umma. Ni ya siku nyingi mno, na haifai kwa mama wajawazito wala watoto wadogo. Kinachogawiwa katika kampeni za serikali ni ivamektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka, ambazo huwasafisha vijinyoo damuni ili mbu wasipate cha kubeba. Ugonjwa umepungua sana pwani kwa kampeni hizo, ijapokuwa kila mara wapo wanaosema ni dawa za kufunga uzazi. Ila kwa busha lililokwisha kujaa, kidonge hakitoshi. Linataka kisu. Ni upasuaji wa kawaida, na mara nyingine hufanywa bure kwa siku maalumu.

Nilipofika hapo nikaona sina tena kisingizio cha kusoma. Nikaenda Pangani.

Nilivuka kwa kivuko, nikatembea. Mjomba alikuwa kivulini anasuka makuti. Nikamwamkia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umekuja na hadithi nyingine?"

Nilianza kuomba radhi, maneno niliyoyapanga tangu stendi ya Tanga yakapotea yote. Akaniacha nihangaike mpaka nikanyamaza. Halafu akasema, "Mkwezi haanguki vile."

"Vipi, mjomba?"

"Busha halikuangushi. Linakukwaruza. Mnazi una magamba. Unapanda minazi kumi, siku ya kwanza unavumilia. Wewe ulizoea thelathini. Mwezi wa pili unapanda mitano. Mwenye shamba hakwambii kitu, anakuja tu na kijana mwingine. Wewe unabaki chini unaokota." Akafunga ukuti, akachukua mwingine. "Ulitakiwa uandike hivyo. Huko kuanguka umeiga kwenye picha."

Sijawahi kupata uhakiki wa kazi yangu uliokuwa sahihi kuliko ule.

Nilimweleza habari za minyoo, mbu, na bakteria ndani ya mnyoo. Alisikiliza kwa makini. Nilipofika kwenye vijinyoo kutoka usiku akacheka kwa sauti, akapiga paja. Kumbe ujana wake walikuja watu kijijini usiku wakapima damu. Wenzake wakakimbia wakisema mumiani. Yeye alikwenda akatoa kidole. Wakamwambia watarudi kumpa majibu. "Nikamwambia shangazi yako usizime taa, wale watu watarudi. Tumechoma mafuta siku nne." Hawakurudi. Hakuwa na hasira, alikuwa anafurahi kwamba hatimaye kajua kwa nini walikuja usiku. "Kwa hiyo hawakuwa wezi," akasema.

Nikamwuliza kuhusu kisu. Akageuza uso. Habari za upasuaji wa bure alizisikia, mara mbili, gari la matangazo lilipita. Hakwenda. Nikadhani anaogopa maumivu. Akaniambia, "Foleni ya mabusha, mjomba, huwezi kusema umekuja kupima macho."

Tulikwenda mwaka jana, hospitali moja ya mkoani kwetu, alfajiri. Nilimsindikiza. Wanaume walikuwa kama kumi na watano, wamekaa kwenye benchi refu, wamevaa misuli na makoti ingawa joto lilikuwa kali, kila mmoja kamwachia mwenzake nafasi kubwa kuliko ilivyo desturi yetu. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Mjomba akakaa, nami nikakaa ubavuni mwake. Wakapita vijana wawili wa rika langu, mmoja namfahamu kwa sura, wa Makorora. Walitutazama, wakaongea kwa sauti ya chini, mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Nikasikia neno nazi. Walipofika mbali wakacheka.

Muuguzi akatoka na daftari, akatutazama sisi wawili, akauliza, "Kati yenu mgonjwa ni nani?"

Niliangalia chini. Mjomba akanyoosha mkono.